Miasthenia gravis: posa isivunjwe kwa sababu hii

Juni ni mwezi wa kuelimisha umma kuhusu miasthenia gravis, ugonjwa wa kulegea kwa misuli, na swali tunaloletewa zaidi ni hili: "Daktari, mama wa mchumba anaumwa hivyo, tuendelee na posa?" Endeleeni.

Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoshambulia, mara nyingi, vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli, pale neva inapokutana na msuli. Msuli huchoka kadiri unavyotumika, ndiyo maana kope hulegea jioni zaidi ya asubuhi. Mtu anaweza kurithi uelekeo, lakini haurithi ugonjwa wenyewe. Huko Ulaya, wanaougua wakiwa vijana hubeba zaidi vinasaba vya kinga viitwavyo HLA-B8 na DR3, ila wenye vinasaba hivyo walio wengi hawaugui kamwe. Hata kwa pacha wa kufanana, mmoja akiugua mwenzake mara nyingi hubaki mzima. Kwa hiyo tafadhali, habari za "damu mbaya" ya ukoo ziishe. Wala msije na ndugu wa familia nzima kupimwa: asiye na dalili hatumpimi.

Kinachowachanganya watu ni mtoto mchanga. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma, na kati ya watoto 10 wa akina mama hawa, 1 au 2 huzaliwa wakilia kwa sauti hafifu na kushindwa kunyonya. Huo si urithi. Kingamwili hizo zikiisha mwilini, kwa kawaida ndani ya wiki chache, mtoto hupona. Mjamzito ahakikishe ugonjwa umeandikwa kwenye kadi ya kliniki na ajifungulie hospitali yenye wodi ya watoto wachanga. Magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, inaweza kumlegeza hadi pumzi.

Upo ugonjwa mwingine unaofanana nao, wa kuzaliwa nao, na huo ndio wa kurithi. Mara nyingi wazazi wote wawili hubeba kasoro bila kuumwa, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Hausababishwi na kinga, hivyo prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, haiutibu. Binamu wanaotaka kuoana, huku ukoo una mtoto wa namna hiyo, waje kwa ushauri.

Wagonjwa wengine wote waje na barua ya rufaa, vipimo vya awali na dawa zote wanazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake, za asili zikiwemo. Antibiotiki kama siprofloksasini, azithromaisini na jentamaisini, pamoja na kwinini ya malaria, zinaweza kuzidisha udhaifu, kwa hiyo mgonjwa aseme ana ugonjwa huu kabla ya kuandikiwa. Antibiotiki ni dawa za cheti. Duka linalouza bila cheti linavunja sheria, na anayekosa pumzi usiku ni mnunuzi.