Homa Inayorudi kwa Zamu: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Saa za Malaria

Katika mabaraza ya Mombasa bado husikika kwamba homa ya malaria hupanda jioni kwa sababu ya baridi ya kusi. Upepo hauhusiki. Vimelea vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu, vikakua na kuongezeka humo, kisha vikazipasua takriban kwa wakati mmoja, na mpasuko huo ndio unaoleta mtetemeko na joto. Kwa Plasmodium falciparum, aina ya kimelea iliyoenea zaidi nchini Kenya, mzunguko huo huchukua kama saa 48. Kwa aina nyingine, Plasmodium malariae, saa 72.

Lakini ni kosa pia kudhani kwamba homa isiyofuata ratiba si malaria, kwani ya falciparum mara nyingi huja ovyo, hasa siku za mwanzo.

Dhana nyingine, ambayo hata wasomi waliishikilia, ni kwamba kimelea hakina saa yake na hufuata tu mwili kilimo. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2020 zilionyesha vinginevyo: ndani ya panya walioondolewa jeni za saa ya mwili, vimelea viliendelea kwa mdundo wao. Hata hivyo, saa hiyo hurekebishwa na mwenyeji, yaani mwili ambamo kimelea huishi, tena kwa mlo kuliko kwa mwanga. Panya kwa kawaida hula usiku. Walipolishwa mchana tu, vimelea vyao navyo vilibadili wakati wa kupasua chembe. (Msomaji atakumbuka futari na daku za Ramadhani, ila matokeo hayo ni ya panya, wala hayatoi hukumu yoyote juu ya saumu.)

Inayodhuru zaidi ni imani kwamba homa ikishuka, ugonjwa umekwisha. Mara nyingi utulivu huo ni wa kizazi kipya kinachokua ndani ya chembe. Kwa hiyo dozi sita za dawa mseto, zinazomezwa kwa siku tatu, haziachwi kwa kuwa mgonjwa ameamka mzima siku ya pili.

Vimelea vya falciparum vikikomaa hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo, damu ya kidoleni ikabaki na vimelea vichanga tu, pengine vichache mno kuonekana kwa hadubini. Ndiyo maana dalili zikiendelea ilhali kipimo hakijaona kitu, damu hupimwa tena baada ya saa 12 hadi 24.