DVD inakwama, lawama kwa programu

Dhana: "Programu ile inakula prosesa."

Anayesema hivyo huwa amefungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inatumia nguvu kiasi gani, akaiona VLC, programu ya kuchezea filamu, inatumia asilimia 25 ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kisha akacheza diski ileile kwa programu nyingine akaona 8. Kwake kesi imekwisha. Lakini mzigo wa DVD hauko kwenye vitufe wala urembo wa dirisha. Uko kwenye kufungua picha zilizobanwa kwa MPEG-2, njia ya kubana video ya DVD: fremu (picha moja moja) 25 kila sekunde kwa diski za PAL, mojawapo ya mifumo ya video, kila fremu nukta 720 kwa 576. Kazi hiyo haikwepeki, iwe kwa programu ya bure au ya kulipia. Swali ni nani anaibeba. Programu ikiikabidhi kadi ya picha, prosesa inapumua. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia, isipokuwepo, na hili hutokea sana baada ya kupiga Windows upya, yote yanairudia prosesa.

Dhana: asilimia ndogo ndiyo programu bora.

Mtazame mtu anayetembea haraka kwenye filamu. Ukiona kingo za mwili wake zina mistari kama meno ya kitana, programu yako haijaziunganisha vizuri nusu mbili za fremu, yaani mistari ya witiri na ya shufwa iliyopigwa kwa zamu. Kuziunganisha kunataka hesabu, na hesabu ni prosesa. Kwenye VLC bonyeza D, kitufe cha kuwasha na kuzima usafishaji huo, uone picha na asilimia vinavyobadilika. Kulinganisha programu moja inayosafisha mistari na nyingine isiyosafisha ni kuwapima wabeba mizigo wawili, mmoja mikono mitupu.

Halafu hiyo 25 yenyewe: kwenye prosesa ya kore nne, yaani yenye sehemu nne zinazofanya kazi sambamba, inaweza kuwa kore moja imejaa pomoni na tatu zimekaa tu.

Dhana: ikikwama, badilisha programu.

Nilikuwa na kompyuta ya Windows XP iliyokwama kila filamu. Nikabadilisha programu tatu, feni ikizidi kulia. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye kisomea diski. Makosa ya kusoma yakirundikana, kwa mfano kwa sababu ya diski zilizochunika, XP hukishusha kutoka DMA, ambapo data huingia kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa, hadi PIO, na hapo prosesa ndiyo inayochota data kipande kwa kipande. Nilikwenda Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, nikaiondoa ile Secondary IDE Channel, njia iliyounganisha kisomea diski na kompyuta, nikawasha upya. XP ikaitambua tena, DMA ikarudi. Programu niliyoanza nayo ikacheza bila kugugumia.