"Kawa ni kijito tu": maneno ya mtaani Bukavu na mambo yalivyo

"Kawa ni kijito tu, kitatufanya nini?" Ukipita kando ya mto huu Kadutu, hapa Bukavu, mwezi wa saba utaamini, maana maji hayafiki hata kwenye fundo la mguu. Lakini udogo wake ndio hatari yenyewe. Kawa ni mfupi, na vilima vinavyoulisha vimejaa nyumba, bati likigusa bati. Mvua haina ardhi ya kuinywa. Inatoka paani, inashuka njiani, na kuufikia mto kwa dakika. Piga hesabu: milimita 50 za mvua kwenye hekta moja tu ni lita 500,000. Kwa hiyo kusoma kina cha mto mara moja kila asubuhi, kama wafanyavyo kwenye mito mikubwa, kunasaidia kidogo sana hapa. Mvua ya saa kumi jioni inaweza kuujaza mto na ukashuka tena kabla hakujapambazuka. Tunahitaji vipimo vya mvua kule juu, na mtu wa kuwapigia simu walio chini.

"Kwetu jua linawaka, hakuna shida." Wanaokaa bondeni hupokea mvua ya wenzao wa mlimani. Tazama mawingu ya kule mlimani, si ya kwako.

"Ruzizi ndio wa kuogopa." Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, lenye zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Kulipandisha sentimita moja kunataka maji zaidi ya mita za ujazo milioni 23, kwa hiyo pale unapoanzia, Ruzizi hupanda polepole. Kijito hakikupi muda huo.

"Mwezi wa tano mvua imekwisha." Tarehe 4 Mei 2023, jirani zetu wa Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, walifikiwa na maji, matope na mawe. Walikufa watu zaidi ya 400.

"Maji yamepungua mvua ikiendelea, tumepona." Kauli hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Mara nyingi ina maana kwamba udongo ulioporomoka, au chupa na mifuko iliyokwama chini ya daraja, umeziba mto huko juu. Kizibo kikiachia, maji yote yanakuja pamoja. Usishuke mtoni kuokoa sufuria. Beba watoto, panda pembeni, na ugonge milango ya jirani unapopita.