Turubai halivuji, lakini hilo silo swali

Kazi yangu ni kufunga maturubai, na wiki hii tena mzee mmoja anayemwozesha binti yake nyumbani kwake amenikata kauli kwa maneno ninayoyasikia kila msimu wa mvua: "Mradi turubai lako halivuji, mvua na ije." Turubai la plastiki nzito halivuji, na hata lililochakaa kidogo halivuji kiasi cha kuharibu harusi. Harusi za nyumbani huharibiwa na maji yanayopita chini ya meza na upepo unaoingia ubavuni, na kuhusu hayo mawili karibu hakuna anayeniuliza.

Tuanze na maji. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Turubai la mita 10 kwa 20 likinyeshewa milimita 20 limepokea lita 4,000, yaani tani 4, na kwa sababu halivuji, maji hayo yote yanamwagika pembezoni, hatua moja kutoka ilipo miguu ya waalikwa. Nyumba nayo ina paa. Paa la mita za mraba 150 linaongeza lita 3,000 kwa mvua hiyo hiyo, na mara nyingi zinateremkia uwanja ule ule, maana uwanja unaochaguliwa kwa harusi ni ule ulio tambarare, na penye tambarare ndipo maji yanapotuama. Ndiyo maana huwaomba wenye nyumba watoke na mwavuli mvua inaponyesha, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, watazame maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Wengi hunitumia picha za uwanja zilizopigwa siku ya jua, ambazo hazinisaidii chochote.

Mfereji wa kina cha jembe, uliochimbwa nje kidogo ya mstari wa matone, yaani pale maji yanapodondokea kutoka ukingo wa turubai, na kuelekezwa mteremko ulipo, hufanya kazi kubwa kuliko zulia lolote. Maturubai mawili yakiunganishwa, mchirizi wa katikati ufungwe vizuri, la sivyo safu moja ya meza itapokea maji ya mapaa mawili. Zulia lisitandikwe juu ya udongo uliolowa, tanguliza mbao.

Kisha kuna paa lililolegea. Kitambaa kilichokazwa asubuhi kinaweza kuwa kimebonyea kufikia jioni, na penye kibonyeo maji hukusanyika, uzito wake ukaongeza kibonyeo, kibonyeo nacho kikavuta maji zaidi. Dimbwi lenye upana wa mita 2 na kina cha sentimita 20 katikati lina uzito unaozidi kilo 300, likining'inia juu ya vichwa vya watu wanaopiga makofi. Likiwa bado dogo, lisukume kwa mti uliozungushiwa nguo nchani. Likishakuwa kubwa, waondoe kwanza watu walio chini yake, na huyo kijana anayekimbia na fimbo ya ufagio azuiwe.

Sasa upepo, ambao ndio unaoninyima usingizi. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukigonga pazia la pembeni lenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5 unalisukuma kwa nguvu ya takriban kilo 300. Ukifika kilomita 72 kwa saa, nguvu hiyo inazidi tani moja. Ukiyajua hayo, madumu ya lita 20 yanayofungwa kwenye nguzo ili "kushikilia" turubai yanachekesha, kwa kuwa kila dumu ni kilo 20 tu, na juu ya ardhi yenye tope linateleza kabla hata halijanyanyuliwa.

Linaloniudhi zaidi ni mapazia. Familia hutaka nyuma ya maharusi pafungwe ili picha zipendeze, mbavu zote mbili zifungwe ili waalikwa wasilowe, na mbele pabaki wazi. Upepo ukitokea mbele, unaingia, unakosa pa kutokea, unalisukuma paa kutoka ndani huku ule unaopita juu ukilivuta kutoka nje, na hapo turubai limekuwa tanga. Upande unaotazama upepo ndio wa kufungwa kwanza, na wa kuacha wazi, kama ni lazima uwepo, ni ule ulioupa upepo kisogo.

Hayo ni rahisi kuyaandika. Nyumbani, upepo hugonga ukuta, ukaruka uzio, ukazunguka, na upande ulioufunga kwa uhakika saa nane unaweza kuwa ndio upande usiofaa saa tisa. Hufunga utepe kwenye nguzo za pembeni nikautazama, na mara nyingine tepe mbili hupepea kuelekea pande tofauti, nami hubaki nikikisia. Vigingi ni hivyo hivyo: kigingi cha chuma cha mita moja kilichogoma kabisa kwenye udongo mkavu huanza kucheza baada ya mvua ya usiku kucha. Sina fomula, ninakivuta kwa mkono na kuongeza kingine. Ila kabla sijapiga nyundo nataka kuonyeshwa mabomba, nyaya na shimo la maji taka vilipo.

Umeme nitaupitia haraka. Jenereta likae nje, mbali na watu, kwa sababu moshi wake unaua. Viungo vya nyaya visiguse ardhi. Na kuwe na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Ngurumo ikisikika, watu waingie ndani ya nyumba au kwenye magari yaliyofungwa, wasubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, kwani turubai halikingi radi.

Kinachobaki ni nani atakayetoa amri hiyo. Mzazi hafai, maana ameisubiri siku hii kwa miaka na ataona wingu jeusi kama wingu la kupita. Ninadai jina la mtu mmoja, asiye baba wala mama wa maharusi, ambaye akisema muziki unazima. Naliandika kwenye mkataba pamoja na namba yake ya simu, na chini yake kasi ya upepo ambayo ikifikiwa kila mtu anatoka, hata kama mjomba hajamaliza hotuba.