Mwenye mali na alikotoka: dhana potofu kuhusu jenitivu na ablativu

Wanaosoma Latin-Philo (mkondo wa sekondari wa Kilatini na falsafa nchini Kongo) Bukavu na Lubumbashi huingia darasani na Kiswahili na Kifaransa, lugha ambazo nomino zake hazibadilishi mwisho kumtaja mwenye mali. Kilatini hubadilisha: jenitivu ni umbo la nomino linalomtaja mwenye kitu, ablativu ni lile ambalo, pamoja na kazi nyingine, hutaja alikotoka mtu. Makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: "-a" ya Kiswahili ni jenitivu ya Kilatini.
Ukweli: Alama hukaa pande tofauti. Kilatini humtia alama mwenye kitu: liber pueri, kitabu cha mvulana. Vitabu vikiwa vingi ni libri pueri, na pueri haiguswi. Kiswahili sanifu hufuata kinachomilikiwa: kitabu cha mvulana, vitabu vya mvulana. Kwa hiyo, ukitafsiri, tafuta kwanza nomino yenye mwisho wa jenitivu (-ae, -i, -is). Hiyo itakaa nyuma ya "-a". Ndipo utazame ngeli ya nomino ya pili uchague cha, vya, la au za. Jihadhari na pueri, kwani pia ni "wavulana"; kitenzi cha wingi ndicho mara nyingi hukuonya.

Dhana: Anayesema "kitabu ya mwalimu", kama mitaani Goma, haonyeshi umiliki sawasawa.
Ukweli: Umiliki uko palepale, kilichopungua ni upatanisho wa ngeli. (Kwenye mtihani, hata hivyo, andika "cha".)

Dhana: "-a" humtaja mwenye mali.
Ukweli: Kikombe cha chai hakimilikiwi na chai. Hata asili huitaja kijuujuu: sambaza (samaki wadogo) za Kivu zililetwa ziwani humo kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Dhana: Umiliki una uhusika wake (umbo la nomino kulingana na kazi yake katika sentensi), asili ina wake.
Ukweli: Kirusi hutumia jenitivu kote kuwili: kniga brata, kitabu cha kaka, iz Moskvy, kutoka Moscow. Kituruki hutenganisha: evden ni "kutoka nyumbani", ila katika evin kapısı, mlango wa nyumba, nomino zote mbili hupata alama.

Dhana: "-ni" ya "natoka sokoni" huonyesha asili.
Ukweli: Niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni: kinachobadilika ni kitenzi. Kifini ndicho hubadilisha mwisho: talossa ndani ya nyumba, talosta kutoka ndani, taloon kuingia.

Kilatini nacho kina mtego wake. Yakitaja anakotoka mtu, majina ya miji huingia ablativu bila kihusishi, na vitabu vingi havichapi alama ya irabu ndefu inayotofautisha Romā (ablativu) na Roma (mtenda). "Roma venit" hivyo husomwa "Roma imekuja", wakati mwandishi alimaanisha "ametoka Roma".