Karo Iliyolipwa Mapema: Mfuko Ukipungukiwa, Nani Hulipa?

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, majimbo kadhaa ya Marekani, yakitanguliwa na Michigan na Florida, yamewauzia wazazi mikataba ya kulipia karo ya chuo kikuu mtoto angali mdogo. Mzazi hulipa bei inayopangwa leo, jimbo huwekeza fedha hizo katika mfuko maalumu, na mtoto akifika chuoni mfuko humlipia karo hata ikiwa imepanda maradufu.

Mfuko ukipungukiwa, lawama hutupiwa soko la hisa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini hesabu hutegemea pia kasi ya kupanda kwa karo, na hiyo imo mikononi mwa serikali yenyewe. Chuo cha umma huendeshwa kwa ruzuku ya jimbo na karo ya wanafunzi. Mapato ya jimbo yakishuka, ruzuku ya vyuo hukatwa mapema: pensheni na matibabu ya wasio na uwezo hayakatiki kirahisi, ilhali chuo kinaweza kufidia kwa kupandisha karo. Bunge huhesabu limeokoa fedha, kumbe limeuongezea deni mfuko uleule liliouanzisha.

Alabama ilipata mapigo yote mawili, soko kuanguka na karo kupanda. Mfuko wake wa PACT, ulioanza 1990, ulipoteza karibu nusu ya thamani katika msukosuko wa 2008, na usajili ukafungwa. Mwaka 2010 bunge liliahidi dola milioni 548, zitolewe kwa awamu. Hazikutosha. Baada ya kesi ndefu, malipo yaligandishwa katika viwango vya karo vya 2010, na kilichozidi kikawaangukia familia. Wazazi wengi waliamini jimbo limewadhamini. Sheria haikusema hivyo. Hilo linaniuma, maana waliobebeshwa mzigo ni wale walioweka akiba mapema.

Illinois, sheria ilimtaka gavana aombe fedha bungeni mfuko ukipungukiwa, bila kulilazimisha bunge kuzitoa. Mauzo yalisimamishwa 2017, na fedha nyingi za kuziba pengo hazikupatikana hadi 2022. Texas nayo ilifunga mlango kwa wanunuzi wapya mwaka 2003, lakini wenye mikataba walilindwa na dhamana iliyoandikwa ndani ya katiba ya jimbo.

Karo ikidhibitiwa, mambo hugeuka. Washington ilipunguza karo ya vyuo vya umma mwaka 2015, na mfuko wake ukawa na akiba kuzidi madeni. Florida, ambako karo ilikaa bila kupanda, ilitangaza mwaka 2020 punguzo na marejesho ya dola bilioni 1.3 kwa wenye mikataba.

Kwa hiyo mzazi aliyeko Marekani anayefikiria mkataba kama huu asiishie kusoma tangazo la mauzo. Atafute kifungu cha sheria kinachosema kama jimbo linadhamini malipo kikamilifu, asome ripoti ya kila mwaka inayolinganisha mali na madeni ya mfuko, kisha aangalie bajeti ya jimbo: ruzuku ya vyuo imeongezwa au imekatwa?