Ujumbe haukuwa uliwali

Zikitajwa habari za wazee wa zamani wa Bagamoyo, Pangani au Tanga, mara nyingi husikika hivi: "Sultani alimpa ujumbe, Mjerumani akamvua." Maneno hayo yanachanganya vyeo viwili vilivyotoka katika mikono tofauti: ujumbe, yaani cheo cha jumbe (si habari inayotumwa), na uliwali, cheo cha liwali.

Liwali alikuwa mwakilishi wa Sultani wa Unguja mjini. Jumbe alikuwa mkuu wa wenyeji wenyewe, akiitwa pia diwani (si huyu diwani wa kata wa leo anayepigiwa kura).

Uliwali hauna mengi. Sultani anateua, liwali anakuja kukaa, na siku Sultani akimtaka arudi, cheo kimekwisha. Hakulazimika kuwa mzaliwa wa mji; wengi walikuwa Waarabu.

Penye mambo ni ujumbe. Watu wa Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, walisema fulani "amekula ujumbe". Kwanza awe na nasaba. Bagamoyo hapo waliangaliwa hasa Washomvi, kundi la Waswahili wa pwani hiyo. Kisha aende kwa majumbe waliomtangulia kuomba ridhaa. Wakiridhia, atoe ada: nguo, fedha, wanyama wa kuchinja, na karamu ambayo kila kundi mjini linapata fungu lake. Ndipo kilemba kikafungwa na ngoma zikapigwa. Mji mmoja ulikuwa na majumbe kadhaa kwa wakati mmoja, na vyeo vingine kama shaha, waziri na mwinyi mkuu, navyo vikiwa na ada zake. Waliokwama walikwama hasa kwenye karamu. Mwenye nasaba asiye na mali alisubiri, pengine mpaka uzeeni. Mwenye mali ambaye nasaba yake ina maswali alizusha mabishano, kwa sababu waliokwisha kula ujumbe ndio waliokuwa na kauli ya kumkubali au kumkataa.

Cheo cha namna hiyo Sultani angekivuaje? Hakukitoa yeye. Alichoweza ni kumbana jumbe katika riziki. Majumbe walikuwa na fungu lao katika misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka pwani. Fungu hilo likikatwa, jumbe anabaki na kilemba bila cha kuwalisha watu wake. Hofu ya kupoteza mapato na heshima hiyo ilichangia sana vita vya 1888 dhidi ya Wajerumani. Mkataba wa tarehe 28 Aprili mwaka huo uliikabidhi kampuni ya Kijerumani utawala na forodha za pwani kwa jina la Sultani, na Agosti watu wa Pangani wakasimama. Mkataba ulihusu mamlaka ya Sultani, na ujumbe haukuwa mali yake.

Mkanganyiko wa leo umetoka kwenye utawala wa Wajerumani uliofuata. Walilichukua neno jumbe wakampachika mkuu wa kijiji popote, hata bara ambako hakuna aliyewahi kutoa ada ya ujumbe. Juu ya vijiji vingi wakamweka akida, mtumishi mwenye mshahara. Hao boma, yaani kituo cha serikali, iliwaweka na boma iliwafukuza, na kwao neno "kuondolewa" ni sahihi kabisa. Waingereza nao, kwa sheria ya 1926, walijenga utawala juu ya machifu, lakini pwani maliwali waliendelea. Tanganyika huru ilipofuta uchifu mwaka 1963, kilichofutwa ni mamlaka ya machifu serikalini.

Kwa hiyo anayesimulia habari za babu yake aangalie kwanza mwaka, na kama mzee alitoa ada au alipokea mshahara. Kama alifungwa kilemba na majumbe wenzake kabla ya boma kujengwa, aseme alikula ujumbe, na aliacha kutambuliwa serikali ilipobadilika. Kama aliwekwa na boma, aseme aliteuliwa kisha akaondolewa, maana hapo hakuna kosa.